Kijidudu na Wenzake: Istilahi za Maradhi Lodwar na Kakuma

Nomino kijidudu ni zao la udogishaji: shina -dudu limevishwa kiambishi kiji-. Neno hili limewafaa sana waelimishaji wa afya, lakini limetwikwa mzigo mkubwa mno.

Mwaka 2005 kipindupindu kilizuka katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, wakaugua watu 418 na kufariki 4. Kisababishi chake ni bakteria, Vibrio cholerae, anayeenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Kala-azar, ambayo pia huwasumbua Waturkana, ni jambo jingine. Huletwa na Leishmania, kimelea cha seli moja kinachosambazwa na usubi wanaojificha katika vichuguu. Homa na wengu uliovimba hufanana na dalili za malaria. Anayetibiwa malaria pekee hubaki na kimelea chake, na kala-azar isiyotibiwa huua takriban kila mgonjwa. Je, neno kijidudu linamweleza nini mzazi aliyemfikisha mwanawe hospitalini Lodwar?

Mtama unaomwagiliwa kwa maji ya mto Turkwel nao una mkasa wa namna hiyo. Iko kuvu, Sporisorium, inayogeuza punje kuwa vumbi jeusi. Mkulima akiambiwa kuwa mtama wake una vijidudu atanunua dawa ya wadudu, ilhali kuvu hiyo hupandwa pamoja na mbegu, na mbegu ndiyo ipasayo kutiwa dawa.

Hata virusi lina kisa chake: vi- ya neno la kigeni ilidhaniwa kuwa ya wingi, likazaliwa kirusi. Bakteria bado linayumba baina ya ngeli: bakteria huyu, bakteria hii.