Mbolea ya Kunde na Karanga Zinazokutwa na Kiangazi huko Kama

Eneo la Kama, katika jimbo la Maniema nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hupata mvua nyingi kuliko sehemu kame kama Dodoma au Kitui, lakini kunde na karanga zinazopandwa mvua ikielekea ukingoni hukutwa na kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane zikiwa bado zinajaza mbegu, na hapo hupatwa na shida ileile ya mazao ya nchi kame, yaani mizizi mifupi isiyoufikia unyevu uliobaki chini. Kirutubisho kinachoisaidia mizizi hiyo kukua ni fosforasi, na kwa sababu hiyo mkulima mwenye uwezo wa kununua mfuko mmoja tu, na kuusafirisha kwa pikipiki kutoka mbali, asiupoteze uwezo huo kwa urea.

Mazao ya jamii ya kunde hupata naitrojeni kwa njia yake yenyewe: bakteria waitwao raizobia hukaa katika vinundu vya mizizi, huinasa naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, nao mmea huwalisha sukari. Urea nyingi huvidumaza vinundu na kuzidisha majani, na majani mengi humaliza haraka maji machache yaliyopo. Ili kujua kama bakteria hao wanafanya kazi, mmea mmoja uchimbwe kwa jembe unapotoa maua, usivutwe kwa mkono kwa kuwa vinundu hukatika na kubaki ardhini, kisha kinundu kipasuliwe kwa ukucha: chenye wekundu ndani kinafanya kazi, cheupe au cha kijani hakifanyi.

Udongo mwekundu wa ukanda huu una chuma na alumini zinazoishika fosforasi hata mizizi ikaikosa, na fosforasi yenyewe karibu haisogei, hivyo mbolea iliyorushwa juu ya shamba hubaki katika tabaka linalokauka kwanza. Itiwe ndani ya mfereji. TSP, mbolea ya fosfeti isiyo na naitrojeni, hutosha kwa kilo 100 kwa hekta, yaani kilo 1 kwa kipande cha mita 10 kwa 10, na mistari ikiachana nusu mita, kila mstari hupata gramu 50. Mbolea ifukiwe kwanza kwa udongo, ndipo mbegu iwekwe juu ya udongo huo, kwani chumvi ya mbolea ikiigusa mbegu katika ardhi kavu huinyang'anya maji.

Majivu ya jikoni hupunguza uchachu wa udongo, lakini yachanganywe mapema, wakati wa kulima. Ganda changa la karanga hufyonza kalsiamu moja kwa moja kutoka katika udongo unaolizunguka, na potasiamu nyingi ya majivu ikirundikwa hapo wakati wa maua huizuia kalsiamu hiyo, maganda yakatoka matupu. Kwa karanga, superfosfeti ya kawaida, ikipatikana, huishinda TSP, kwa kuwa hubeba pia jasi, ambayo ni kalsiamu iliyoungana na salfa.