Viroboto wa Maji: Chakula cha Kwanza cha Vifaranga wa Kambare



Somo letu la leo tulilipata kwa machozi ya wengine. Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Kitale walichukua pesa zao za mzunguko wakanunua vifaranga wa kambare wa siku tatu, maana hao huuzwa bei ya chini kuliko wale waliokwisha kukua urefu wa kidole. Wakawatia katika beseni kubwa, wakawapa unga wa mahindi uliochanganywa na omena ya kusaga, asubuhi na jioni bila kukosa. Siku ya kumi tulipofika, beseni lilikuwa karibu tupu. Mama mmoja alisema maji yametiwa kitu na jirani. Tuliketi nao tukaulizana taratibu, na ikaonekana jirani hana kosa. Vifaranga walikufa njaa na chakula kiko mbele yao.

Kambare akitoka kwenye yai hubeba mfuko mdogo wa kiini tumboni, na ndio posho yake kwa siku tatu hivi. Ukiisha, lazima ale. Lakini tumbo lake bado halijakomaa, unga mkavu haumfai sana, na tena yeye hutafuta kitu kinachotembea. Unga uliotulia chini haumwiti. Unaoza tu na kuharibu maji. Kwa siku kumi au kumi na nne za kwanza anataka chakula kilicho hai, kidogo cha kuingia kinywani mwake. Wenye vituo vikubwa hununua mayai ya kamba wadogo wa maji ya chumvi, yanayotoka nchi za nje ndani ya makopo, na bei yake si mchezo. Sisi tunacho chetu bure katika madimbwi.

Ni nani hawa?

Viroboto wa maji wanaitwa hivyo kwa sababu huruka-ruka majini, lakini hawaumi mtu wala mnyama, na kwa ukoo wao ni jamaa wa kaa na kamba. Wana gamba jembamba ambalo huliacha na kuvaa jingine kadiri wanavyokua. Ukimweka mmoja kwenye glasi na kumtazama kwa jua, utauona moyo wake unapiga na mayai yake mgongoni.

Jambo la ajabu ni uzazi wao. Wakati wa shibe wote ni majike, na huzaa bila dume, jike kwa jike. Njaa ikiingia, au baridi, au msongamano, ndipo madume huzaliwa na majike hutaga mayai magumu meusi yanayozama chini. Mayai hayo hustahimili ukame. Dimbwi likikauka Januari yanakaa kwenye tope, mvua ikija yanaanguliwa. Kwa hiyo tope la chini ya tanki lako usilitupe ovyo. Likaushe kivulini, ufunge ndani ya karatasi, uweke mahali pakavu. Hiyo ni akiba yako siku mambo yakiharibika, na yataharibika, tusidanganyane.

Kwetu huku tunahitaji kujua aina mbili. Dafnia ni mkubwa kidogo, na hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 22. Moina ni mdogo zaidi, na hupenda joto, nyuzi 24 hadi 31. Kitale iko juu, kama mita 1,900, na usiku ni baridi, kwa hiyo dafnia ndiye atakayekuvumilia. Bungoma iko chini, kama mita 1,400, na huko moina anaweza kwenda vizuri, hasa tanki likikaa upande wa jikoni wenye joto. Moina kwenye joto huanza kuzaa akiwa na siku nne au tano, kisha kila siku moja na nusu au mbili. Dafnia huchukua wiki moja hadi siku kumi kabla ya uzao wa kwanza. Kwa kifaranga wa siku tatu moina ni bora kwa sababu ya udogo wake. Wenye dafnia wawapitishe kwenye chujio la chai: wakubwa watabaki juu, watoto watapita, na hao watoto ndio wa kulisha.

Tanki la kioo

Beseni jeupe au jerikeni iliyokatwa inatosha, na hatutaki mtu akope pesa kwa ajili ya kioo. Lakini kikundi kinachojifunza kitafaidika na tanki moja la kioo, kwa sababu kila mtu ataona kinachotendeka ndani. Fundi wa madirisha anaweza kulitengeneza la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Mwambie atumie gundi ya silikoni ya kawaida, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo inaua. Liache likauke siku mbili, lijaze maji, uyamwage, ndipo uanze. Likiwa na lita 45 lina uzito wa kilo 45 bila kuhesabu kioo, basi lisiwekwe kwenye kile kimeza cha redio. Litandikie blanketi kuukuu chini, uliweke penye mwanga lakini si jua kali la adhuhuri. Juu funika neti, ama sivyo utakuwa unafuga mbu.

Maji ya mfereji yana dawa ya klorini. Yaache wazi siku mbili. Maji ya mvua ni mazuri, lakini yanayotoka kwenye mabati mapya hubeba madini ya zinki, na viroboto hawayavumilii hata kidogo. Tena maji ya mvua hayana chokaa ya kujengea gamba. Yachanganye na ya kisima, au tia maganda ya yai yaliyopondwa.

Mbegu utaipata katika madimbwi yasiyo na samaki, kwa sababu penye samaki wameshaliwa. Funga soksi ya nailoni kwenye waya wa mviringo, pitisha majini polepole, kisha pindua kwenye bakuli jeupe. Utaona vitu vinarukaruka. Vinavyokwenda kwa mshituko mrefu, vyenye mifuko miwili ya mayai mkiani, hao ni saiklopsi, watoe. Baadhi yao huwauma vifaranga wachanga na kuwaua. Saiklopsi ndio hao hao waliobeba mdudu wa ginea katika maji ya kunywa. Kenya ilithibitishwa mwaka 2018 kuwa haina tena ugonjwa huo, lakini desturi ya kuchuja na kuchemsha maji tusiiache.

Kulisha

Hapa ndipo wengi huanguka. Viroboto hawali majani wala makombo. Wao huchuja maji na kula vijimea vya kijani, hamira na vijidudu vidogo. Njia tunayoipenda ni maji ya kijani: weka ndoo ya maji juani na kijiko cha mbolea kavu ya kuku iliyofungwa kwenye kitambaa, baada ya siku tano au wiki maji yatakuwa kama sukuma iliyochemshwa. Mimina kikombe kwa kikombe ndani ya tanki. Mbolea isitoke kwa kuku waliopuliziwa dawa ya utitiri. Kama huna maji ya kijani, koroga hamira kidogo sana, inayokaa kwenye ncha ya kijiko cha chai, ndani ya glasi ya maji, umimine nusu, ungoje kesho.

Kipimo chetu ni jarida hili. Lishike nyuma ya tanki. Ukiweza kusoma maandishi, viroboto wana njaa. Ukiona karatasi lakini herufi hazisomeki, wameshiba. Usipoiona hata karatasi, umezidisha, acha kulisha. Na wakibadilika rangi kuwa wekundu, hewa imepungua majini: damu yao hutengeneza wekundu huo ili wakamate hewa kidogo iliyopo. Punguza chakula, badilisha robo ya maji.

Wakishakuwa wengi, vuna kila siku au kila siku ya pili, si zaidi ya robo. Usiku washa tochi pembeni mwa kioo, wengi watasogea kwenye mwanga, uwachote kwa chujio. Usipovuna kabisa nako ni hatari, watasongamana na kufa kwa siku moja. Na kila kikundi kiwe na vyombo viwili au vitatu katika nyumba mbalimbali.

Sisi wenyewe tulilijua hilo kwa aibu. Tanki la maonyesho katika ofisi yetu tulilijaza maji ya kijito mwezi wa Mei, na wageni walikuwa waje kesho yake. Asubuhi viroboto wote walikuwa wamelala chini, weupe. Juu ya kijito watu walikuwa wamepulizia mahindi dawa ya viwavi, na mvua ilinyesha usiku. Maji yalikuwa safi kwa macho, hayakunuka.

Lakini msiba huo ulitupa kitu. Viroboto wa maji hutumiwa katika maabara duniani kote kupima sumu, kwa kuwa hufa mapema kuliko viumbe wengi. Basi kabla ya kutia vifaranga katika bwawa, chota maji ya bwawa kwenye chupa, tia viroboto kumi, na chupa ya pili yenye maji ya tanki uweke kumi pia. Ngoja siku mbili. Wakifa wale wa bwawa na wa tanki wakiwa hai, usitie samaki. (Hili halipimi maji ya kunywa. Mtu hadhurwi na vitu vile vile, wala viroboto hawaoni vijidudu vya kuhara.)

Tuseme ukweli, tanki moja halilishi bwawa. Litatosha vifaranga mia kadhaa kwenye beseni, tena kwa siku chache. Kazi yake kubwa ni kuwa kitalu cha mbegu: ukiisha kujua kufuga, pandikiza viroboto kwenye pipa la lita 200 au kijibwawa kidogo kilichotiwa mbolea, wiki moja au mbili kabla ya vifaranga kufika. Hicho kijibwawa kizungushie uzio wa nailoni, vyura watakumaliza.

Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kwa majimbo 140. Mengi yamebaki na majani, na sababu mojawapo ni vifaranga na chakula. Ambaye ataweza kuwavusha kambare wiki mbili za kwanza ana soko: wenye mabwawa wanawataka, na wavuvi wa Ziwa Victoria hununua kambare wadogo kuwa chambo cha mbuta.

Wengine wametuuliza kama wanaweza kuleta wale kamba wekundu wa Naivasha. Hapana. Waliingizwa ziwani kule mwaka 1970 kwa nia ya biashara, wakala mimea ya ziwa, na hawatoki tena. Tusiwalete katika Nzoia wala Kuywa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, maji yetu yanatoka wapi, na nani analima juu yake? Ni mwezi gani wanapulizia dawa?
2. Nani kati yetu yuko nyumbani kila siku kutazama tanki, na nani atamshikia akisafiri?
3. Kama vifaranga watakufa, hasara italipwa na aliyewatunza au na kikundi chote? Mkubaliane kabla ya kununua, muandike kwenye kitabu.