Ukizidisha Ikapungua, Usishtuke: Hesabu za Desimali Zilizo Chini ya Moja

Mtoto mchanga anapochanjwa kukingwa na kifua kikuu, dozi yake ya BCG ni mililita 0.05 tu. Chanjo yenyewe huja ikiwa unga mkavu. Mhudumu huchanganya kichupa cha dozi 20 na mililita 1 ya kimiminika chake, na mililita hiyo moja inatosha watoto ishirini. Hesabu iliyomo humo ni 1 ÷ 0.05 = 20. Wanafunzi wengi huikosa, na kinachowakwamisha si ugumu wake. Jibu linawatia shaka: wamegawanya, mbona namba imekuwa kubwa?

Shaka hiyo ina chanzo. Miaka ya mwanzo ya shule mtoto hushughulika na namba nzima, na humo kuzidisha huongeza, kugawanya hupunguza. Desimali zinapoingia, mazoea hayo hayamfai tena, na mara nyingi hakuna anayemwambia waziwazi. Basi lisemwe mapema. Ukizidisha kwa namba iliyo kati ya 0 na 1, jibu huwa dogo kuliko namba uliyoanza nayo. Ukigawanya kwa namba kama hiyo, jibu huwa kubwa kuliko uliyoanza nayo.

Tazama shamba. Ekari moja ni takriban hekta 0.4, kwa hiyo mwenye ekari 3 ana hekta 3 × 0.4, yaani 1.2. Namba imepungua, lakini shamba halijapungua hata hatua moja. Limepimwa tu kwa kipimo kikubwa zaidi. Jirani yake ana karatasi iliyoandikwa hekta 2.4 na anataka kujua ni ekari ngapi. Anachouliza ni hiki: 0.4 zimo ngapi ndani ya 2.4? Zimo 6, kwa hiyo 2.4 ÷ 0.4 = 6. Ningependa kila mwanafunzi ajizoeze swali hilo la “zimo ngapi”. Tumezoea kuona kugawanya kama kuwagawia watu kitu, na hakuna kundi la watu 0.4. Lakini vipande vya 0.4 vinahesabika, na kadiri kipande kinavyokuwa kidogo ndivyo vinavyoingia vingi.

Sasa njia yenyewe, tukianza na kuzidisha. Wengi wakiona 0.3 × 0.2 huandika 0.6, kwa kuwa 3 mara 2 ni 6 na desimali zote mbili zina tarakimu moja baada ya nukta. Chukua karatasi ya miraba, uchore mraba wenye safu 10 kwenda chini na safu 10 kwenda kando. Humo kuna vijumba 100, na mraba wote ndio 1. Upana wa 0.3 ni safu 3. Urefu wa 0.2 ni safu 2. Paka rangi pale safu hizo zinapokutana, kisha uhesabu. Utapata vijumba 6 kati ya 100, na hiyo ni 0.06. Sehemu ya kumi ya sehemu ya kumi ni sehemu ya mia, ndiyo maana nafasi za desimali hujumlishwa: moja ya 0.3 na moja ya 0.2 zinaleta mbili kwenye jibu.

Kwa hiyo unazidisha kana kwamba nukta hazipo, kisha unarudisha nukta kwa kuhesabu nafasi kutoka kulia. Mtego uko kwenye sifuri ya mwisho. Katika 0.4 × 0.05, 4 mara 5 ni 20, na nafasi zote ni tatu: jibu ni 0.020, ambayo ni sawa na 0.02. Mwanafunzi mwenye haraka hufuta sifuri ya 20 kabla ya kuweka nukta, akabaki na 2, akaandika 0.002. Amepunguza jibu mara kumi. Weka nukta kwanza, ndipo ufute sifuri.

Katika kugawanya, tunabadilisha swali ili kigawanyo kiwe namba nzima. Muuza duka ana kilo 6 za sukari na anafunga robo robo, kilo 0.25 kila mfuko. Atapata mifuko mingapi? Akipima kwa gramu, ana gramu 6,000 na kila mfuko ni gramu 250. Mifuko haiongezeki wala haipungui kwa sababu amebadilisha kipimo. Kwa hiyo ana ruhusa ya kuzidisha namba zote mbili kwa 10, 100 au 1,000, mradi azizidishe sawasawa. Hapa 100 inatosha: 6 ÷ 0.25 inakuwa 600 ÷ 25, na jibu ni 24.

Hilo la “zote mbili” ndilo linalosahaulika. Katika 0.012 ÷ 0.4, kigawanyo kinahitaji kuhamishiwa nukta nafasi moja tu, na namba inayogawanywa inaifuata kwa nafasi hiyo hiyo moja: 0.12 ÷ 4 = 0.03. Usijisumbue kuifanya 0.012 nayo iwe namba nzima, si lazima. Ukitaka uhakika, rudi nyuma kwa kuzidisha: 0.03 × 0.4 = 0.012.

Baadhi ya desimali hazihitaji hata karatasi. Kugawanya kwa 0.5 ni sawa na kuzidisha kwa 2, kwa 0.25 ni kuzidisha kwa 4, kwa 0.2 ni kuzidisha kwa 5, na kwa 0.1 ni kuzidisha kwa 10. Desimali zenyewe zina umri mrefu: mwanahisabati al-Uqlidisi, aliyeandika huko Damascus mnamo 952, aliigawa 19 kwa mbili mara tano mfululizo na kuandika jibu, 0.59375, akitumia alama yake mwenyewe ya kutenga namba nzima na sehemu.

Jambo moja la uandishi. Andika 0.5, usiandike .5. Wahudumu wa afya hufundishwa hivyo kwa sababu nukta iliyo peke yake hupotea machoni kwa urahisi, na mgonjwa akapewa 5 badala ya 0.5. Kwenye daftari, hasara yake ni alama za mtihani.

Jaribu haya manne. Kabla ya kukokotoa, sema kwanza kama jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko namba ya kwanza: 0.7 × 0.6, 0.08 × 0.5, 9 ÷ 0.3, 0.045 ÷ 0.09. Majibu kwa mpangilio huo ni 0.42, 0.04, 30 na 0.5.