Kabla Hujatoa Hela ya XL au DT Iliyotumika

Haya yanamhusu mwenye fedha za kuhesabu anayetaka pikipiki ya njia mbovu: Honda XL 125, Yamaha DT 125 au AG 100, zile walizozoea kupanda mabwana shamba na watu wa miradi. Mwenye fedha za kutosha aende dukani.

Usimalize hela zote kwenye kununua. Una milioni mbili? Basi tafuta pikipiki ya milioni moja na laki tatu. Zinazobaki ni za cheni, tairi, bering na fundi, na zitaisha zote. Ukishindwa kujizuia hapa, acha kusoma.

Soma kadi kabla ya kupiga kiki. Namba ya fremu imegongwa shingoni, karibu na usukani. Ya injini iko kwenye injini yenyewe. Nenda na kitambaa na mafuta ya taa, futa matope, kisha linganisha na kadi tarakimu moja moja. Ukikuta namba imekwanguliwa au imegongwa upya, ondoka. Usiulize imekuwaje, hadithi utakayopewa itakuwa nzuri. Jina la kwenye kadi si la muuzaji? Mtake mwenye jina aje asaini mkataba wa mauziano. Ukiambiwa yuko safarini, msubiri arudi, nawe kaa na hela yako.

Usinunue yenye namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, bila kuuliza kodi. Pikipiki hizo kwa kawaida huingizwa nchini kwa msamaha wa kodi. Zikiuzwa kwa mtu binafsi, kodi hudaiwa. Uliza TRA kwanza, na mkubaliane kwa maandishi nani analipa.

Ukinunulia mnadani, usipandishe dau kwa ubishi. Pale unanunua kitu kama kilivyo, na mara nyingi kimelala uani masika kadhaa.

Ikute injini ikiwa baridi. Mpigie muuzaji umwambie asiiwashe. Ukifika, weka kiganja kwenye bloku kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, kaa chini usubiri ipoe, hata kama ni saa nzima. Injini iliyochoka huwaka vizuri ikishapashwa. Ukweli wake huonekana kwenye kiki ya kwanza ya asubuhi.

Tazama moshi, lakini jua unachotazama. XL ni ya mapigo manne: ikitoa moshi wa bluu, inachoma oili, yaani ringi au sili za valvu zimekwisha. DT na AG 100 ni za mapigo mawili, hizo moshi kidogo ni kawaida yao. Ila moshi mzito mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku oili ya gia ikipungua bila kuvuja chini, ni dalili kwamba sili ya krenki upande wa klachi imekufa. Uliza pia kama pampu ya oili inafanya kazi. Wengine huing'oa na kuchanganya oili kwenye petroli. Usipoambiwa, utajaza petroli tupu na pistoni itanata.

Itikise. Inua tairi la mbele, zungusha usukani polepole. Ukinasa katikati, bering za shingo zimelika. Shika tairi la nyuma, sukuma kushoto na kulia. Likicheza, ni bering za gurudumu au bushi za mkono unaolishika. Vuta cheni kutoka nyuma ya sproketi: ikiachia nusu ya jino, hesabu bei ya seti nzima, na umwambie muuzaji hesabu hiyo. Angalia nyufa au alama za kuchomelea shingoni. Hapo hakuna kupunguziwa bei. Hapo ni kuondoka.

Usinunue rangi. Fremu iliyopakwa juzi ina la kuficha.

Ikishakuwa yako, anza na kinachoweza kukuua: breki, tairi, bering za shingo. Kisha vya bei rahisi: plagi, oili, nyaya za klachi na breki, eya klina. Eya klina ya sponji ioshwe kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, ikauke, ipakwe oili. Usichokoe jeti za kabureta kwa waya. Shaba ni laini, tundu hupanuka, na petroli itakunywea hela kila siku. Puliza kwa upepo.

Usikubali injini ifunguliwe siku ya kwanza. Mafundi wengi hupenda kuifungua. Nyingi zinazosemwa "zimekufa" zina uchafu kwenye kabureta au koili mbovu.

Ikibidi kuchonga bloku, nunua pistoni kwanza. Pistoni za kuzidi saizi huja kwa hatua, kwa kawaida 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 mm. Mchongaji apime pistoni uliyoishika mkononi, achonge kufuata hiyo, aache nafasi iliyotajwa na kiwanda. Akichonga kwanza ndipo uende Kariakoo kutafuta, utarudi na isiyoingia au inayogongagonga. Kwenye DT, mwambie alainishe kingo za matundu yaliyo ndani ya bloku. Ukingo mkali hunasa ringi na kuivunja. Wengi huiruka kazi hiyo kwa sababu ni ya mkono na haina malipo yake.

Usiichape ikitoka kuchongwa. Kwa kilomita 500 za mwanzo usiipakie magunia, usiibane mlimani, usiiache kwenye mwendo mmoja muda mrefu.

Dai spea za zamani. Pistoni, ringi, bering, zote ziwekwe kwenye mfuko na upewe. Fundi akikuambia amezitupa, mwambie mkazitafute pamoja.