Kuelea na Kuzama: Majaribio ya Kufanya Pamoja na Wadogo Zetu

Ukidondosha sindano katika ndoo ya maji, itazama mara moja. Lakini gogo kubwa la mti, ambalo watu wanne hawawezi kuliinua, huelea juu ya maji ya mto. Meli nazo hujengwa kwa chuma, hubeba watu na mizigo mingi, na bado huelea. Kwa nini vitu vingine huelea na vingine huzama?

Katika somo hili utafanya majaribio matatu. Yafanye nyumbani pamoja na mdogo wako ambaye hajaanza darasa la kwanza, au mtoto wa jirani. Mtoto wa miaka minne au mitano hawezi kusoma kitabu hiki. Hata hivyo anayo macho ya kuona na mikono ya kushika, na huo ndio mwanzo wa sayansi. Kazi yako si kumwambia jibu. Kazi yako ni kumwuliza, kumwacha ajaribu, kisha kumsikiliza.

Vifaa vinavyotakiwa

Karai lenye maji hadi nusu yake, jiwe, kijiko cha chuma, kijiti kikavu, machungwa mawili, udongo wa mfinyanzi, bakuli la bati, kipande cha mkaa, na vijiwe kumi vyenye ukubwa wa ndimu. Usitumie punje za mahindi wala maharagwe, kwa sababu watoto wadogo huzitia puani, masikioni na mdomoni.

Tahadhari

Mwombe mtu mzima awe karibu. Mtoto mdogo aweza kufa maji hata katika karai. Usimwache peke yake penye maji, hata kwa muda mfupi. Mkimaliza kazi, mwageni maji yote kwenye bustani.

Jaribio la 1: Kukisia na kujaribu

Mpe mdogo wako kijiti akishike. Mwulize, "Unadhani kitaelea au kitazama?" Akiisha kujibu, mwache akiweke majini mwenyewe. Fanyeni vivyo hivyo kwa jiwe, kijiko na chungwa lenye maganda. Kisha menya chungwa la pili, mlijaribu nalo.

Chora jedwali lenye safu tatu katika daftari lako: Kitu, Tulivyokisia, Tulivyoona. Yaandike hata makisio yasiyokuwa sahihi.

Mara nyingi mtaona kwamba chungwa lenye maganda huelea, lakini lililomenywa huzama. Jambo hili huwashangaza watoto, maana chungwa lililomenywa ni jepesi zaidi. Maganda ya chungwa yana vijitundu vingi vyenye hewa, na hewa hiyo husaidia chungwa kuelea. Twaona basi kwamba haitoshi kusema, "Kitu kizito huzama na kitu chepesi huelea."

Jaribio la 2: Kuunda mashua ya udongo

Finyanga donge la udongo lenye ukubwa wa chungwa. Liweke majini. Litazama. Litoe upesi, ulikaushe kidogo kwa kitambaa, kisha mpe mdogo wako alitengeneze kwa umbo la bakuli lenye kuta nyembamba zisizo na ufa. Paka mafuta kidogo kwa nje ili udongo usilainike haraka. Sasa mwache aliweke juu ya maji polepole.

Ikiwa mashua yake itazama, usiitengeneze wewe. Mwulize, "Maji yameingia wapi?" Atatazama, ataziba ufa au ataongeza kimo cha kuta, kisha atajaribu tena. Hivyo ndivyo mafundi wa mashua wanavyofanya kazi: huunda, hujaribu, hutazama kosa, na kurekebisha.

Udongo ni ule ule, na uzito wake haukubadilika. Kilichobadilika ni umbo. Kila kitu kikiingia majini husukuma maji kando, nayo maji hukisukuma kitu hicho kwenda juu. Donge husukuma maji kidogo tu, kwa hiyo huzama. Bakuli lina nafasi kubwa yenye hewa ndani yake, nalo husukuma maji mengi zaidi. Uzito wa maji yaliyosukumwa ukilingana na uzito wa kitu, kitu hicho huelea. Ndiyo sababu meli ya chuma huelea.

Jaribio la 3: Mzigo na mstari

Kausha bakuli la bati. Kwa mkaa, chora mstari kulizunguka kwa nje, upana wa vidole viwili chini ya ukingo. Lieleze juu ya maji. Mdogo wako aweke vijiwe kimoja kimoja, akivipanga sawasawa, nanyi mhesabu pamoja mpaka maji yafikie mstari. Tikisa maji kwa mkono ili kufanya mawimbi madogo. Je, maji yameingia ndani?

Sasa ongezeni vijiwe mpaka maji yakaribie ukingo. Tikisa maji tena. Safari hii wimbi dogo tu latosha kulizamisha bakuli. Mwisho, punguzeni vijiwe na kuviweka vyote upande mmoja. Mtaona nini?

Meli nyingi za mizigo zina alama kama hiyo ubavuni. Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza, alipigania sana jambo hili, na mwaka 1876 sheria ya nchi hiyo iliagiza meli ziwekewe alama ya kuonyesha mwisho wa mzigo. Alama hiyo ni duara lenye mstari uliopita katikati.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria, karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101, lakini siku hiyo kilibeba watu wengi kupita kiasi hicho. Zaidi ya watu 220 walifariki, na 41 waliokolewa. Kwa hiyo, ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, usikipande. Mwambie mzazi wako msubiri kingine.

Mazoezi

1. Kwa nini chungwa lenye maganda huelea?
2. Donge la udongo na mashua ya udongo vina uzito sawa. Eleza kwa nini kimoja huzama na kingine huelea.
3. Bakuli lenu lilibeba vijiwe vingapi hadi kwenye mstari? Lilizama kwa vijiwe vingapi?
4. Kwa nini abiria hawapaswi kukusanyika upande mmoja wa mashua?
5. Andika swali moja alilouliza mdogo wako. Buni jaribio la kulijibu, kisha mlifanye pamoja.