Silaha Iliyo Nyumbani
Mwaka 2020 bunduki na bastola ziliua watoto na vijana wa Marekani kuliko ajali za magari au ugonjwa wo wote. Mwaka 2024 Mganga Mkuu wa nchi hiyo, Vivek Murthy, alitangaza kuwa hilo ni janga la afya ya umma. Twakubaliana naye, maana mara nyingi silaha hutoka nyumbani. Kijana aliyeshikwa na hasira au huzuni, akikuta kufuli, hupata nafasi ya kutulia. Huko Michigan, mvulana aliyewaua wanafunzi wenzake wanne mwaka 2021 alinunuliwa bastola na babaye siku nne kabla; mwaka 2024 wazazi wote wawili walitiwa hatiani. Basi, wazazi wenye bunduki, ya lindo au ya mawindo: risasi ziwekwe mbali nayo, na ufunguo usikae juu ya kabati, mahali ambapo kila mtoto anapajua.