Ng'ombe wa Jirani Katika Shamba

Masomo: Mwanzo 13:5–12, Kutoka 22:5, 23:1–5



Mkristo hajulikani siku ya Jumapili tu. Hujulikana hasa asubuhi ile aamkapo na kuona mahindi yake yamelazwa chini, na nyayo za ng'ombe zimejaa shambani. Masanze na pande zote za Kilosa twalijua jambo hili, maana katika nchi hii hukaa pamoja wakulima na wafugaji: Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, tena Wamasai, Wabarabaig na Wasukuma. Wala si neno dogo. Mwezi wa Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni katika wilaya hii hii, ugomvi wa namna hiyo uliishia katika damu, watu 38 wakauawa.

Basi Neno la Mungu latufundisha nini?

Kwanza, tutazame Abramu na Lutu. Mifugo yao ilikuwa mingi, nchi haikuwatosha, na wachungaji wao wakagombana. Abramu ndiye aliyekuwa mkubwa, tena ndiye aliyepewa ahadi ya nchi. Lakini yeye ndiye aliyeanza kutafuta amani, akamwachia mwana wa ndugu yake achague kwanza. Hakungoja kushtakiwa, wala hakukusanya vijana wenye fimbo. Aliweza kuiacha haki yake kwa sababu alimtumaini Mungu kuliko malisho.

Pili, amani ya Mungu si kufunika kosa. Torati yaamuru kwamba mtu akiacha mnyama wake ale shamba la mwingine, atalipa, tena atalipa kwa mazao yaliyo bora. Kwa hiyo mfugaji Mkristo asiseme, "Ng'ombe hana akili," kisha akaenda zake. Na alipe kabla ya kudaiwa. Mkulima naye asiongeze hesabu ya magunia, wala asilime katika njia ya mifugo iliyokubaliwa na kijiji, kisha akadai fidia.

Tatu, Mungu ameagiza kwamba ukimwona ng'ombe wa adui yako amepotea, umrudishe kwake. Nasi tukikatazwa hata kumwacha apotee, twawezaje kumkata kwa panga? Sura ile ile yaanza kwa kukataza habari za uongo. Siku hizi habari huenda kwa simu: picha ya ng'ombe aliyejeruhiwa hufika vijiji vingi kabla viongozi hawajafika shambani. Usimpelekee mtu neno usilolihakikisha, maana kwa neno hilo wengine watashika silaha.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akieleza amri ya saba, hakukomea katika kutokuiba. Afundisha kwamba tumsaidie jirani kuitunza mali yake na riziki yake. Maana yake mahindi ya mkulima ni shauri la mfugaji, na ng'ombe za mfugaji ni shauri la mkulima.

Labda mwingine atauliza, "Nikiacha haki yangu kila mara, watoto wangu watakula nini?" Swali hili ni la kweli, wala hatusemi aliyedhulumiwa anyamaze. Hasara na ipimwe mbele ya viongozi wa kijiji. Na kwa magomvi ya ardhi liko baraza la ardhi la kijiji, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 ili kupatanisha. Kwenda huko si kukosa imani. Lakini nenda na mashahidi, usiende na kundi lenye hasira. Nenda kutafuta haki, usiende kulipiza kisasi.

Walimu wa usharika, ulizaneni na Wakristo wenu maneno haya:

1. Ni nani kati yetu aliye na deni la shamba lililoliwa, naye hajalipa?
2. Je, twamjua kwa jina mfugaji au mkulima aliye karibu nasi, au twamjua kwa kabila lake tu?
3. Ni nani atakayekwenda kwake kwanza, kabla ya mavuno?

Bwana atupe moyo wa Abramu. Amin.